Gandhi Mnamjua. Na Jamal wa Mwanza Je?

Jamani, kuna uvivu mmoja wa akili umetuganda sisi tuliosoma kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Mtu akitutajia "kiongozi wa Kihindi" tunajibu haraka: Gandhi. Mtu akitutajia "Mhindi" tunajibu haraka zaidi: duka. Kati ya Gandhi na duka hatuoni mtu. Pako wazi kabisa, kama uwanja wa mpira saa sita mchana. Leo nataka kugombana na uvivu huo, na sitagombana kwa adabu sana.

Nilikuwa Goziba. Kwa ambao hamjafika, Goziba ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, ni kata ya wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Mawe, mitumbwi, dagaa, na watu wa kila kabila linaloweza kunusa samaki: Wahaya, Wasukuma, Wakerewe, Wajita, na wengine ambao ukiwauliza kwao wanakuonyesha upande wa maji tu. Nilifika mwezi ukiwa mkubwa. Anayejua dagaa anajua maana yake. Dagaa huvutwa na taa gizani, zamani karabai, siku hizi taa za sola, na mbalamwezi ikiwaka taa yako haina kazi. Kwa hiyo mitumbwi hupumzika na midomo hufanya kazi.

Basi tukawa tunaongea. Bei imeshuka. Nani kaishusha? "Mhindi." Mafuta ya injini yamepanda. Nani kayapandisha? "Mhindi." Jamaa mmoja, mwenye mitumbwi minne na kofia ya Arsenal, akamalizia: "Mhindi hana nchi, ana pasipoti." Watu wakacheka na kupigana makofi ya mkono. Maneno matamu hayo, lazima nikiri. Matamu, na ya uongo.

Kulikuwa na kijana wa sekondari karibu yetu. Nikamuuliza: Gandhi ni nani? Akanijibu kama anasoma daftari: baba wa taifa la India, alipigania uhuru bila silaha. Vizuri. Nikamuuliza: nitajie Mhindi mmoja aliyepigania uhuru wa Tanganyika. Kimya. Kisha wote wakaangua kicheko. Walidhani natania.

Nyie wa Dar na Arusha msiwacheke watu wa Goziba. Hayo hayo nimeyasikia kwenye vyumba vya habari vyenye kiyoyozi, kwa watu wenye digrii mbili. Tena huko ndiko yanakotengenezwa na kupakiwa kupelekwa visiwani. Miaka ya 90 Mchungaji Christopher Mtikila alilifanya neno "gabacholi" liwe la majukwaani, na wasomi wengi walilishangilia. Wavuvi hawakulianzisha.

Sasa tuanze na huyo Gandhi mnayemjua, kwa sababu nina wasiwasi hata yeye hamumjui.

Mohandas Karamchand Gandhi, aliyezaliwa Porbandar, Gujarat, tarehe 2 Oktoba 1869, alipitia kwetu. Ndiyo, kwetu! Mwaka 1893, akiwa mwanasheria kijana asiye na kesi, alipanda meli kwenda Afrika Kusini, na meli ile ilisimama Lamu, Mombasa na Zanzibar. Alikaa Afrika Kusini hadi 1914. Kule ndiko alikotupwa nje ya treni pale Pietermaritzburg kwa sababu ya rangi yake, na kule Johannesburg ndiko alikoanzisha mwaka 1906 ile njia yake ya kugoma bila kupiga. India ilimpokea akiwa ameiva. Afrika ndiyo iliyompika.

Lakini Afrika ile ile anayo kesi nayo. Maandishi yake ya miaka ya mwanzo kule Natal yana maneno machafu juu ya Waafrika. Alikuwa akilalamika kwamba Wahindi wanawekwa daraja moja na Waafrika weusi, kana kwamba tusi lilikuwa kuwekwa nasi na si kuwekwa daraja. Ndio maana wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ghana walipiga kelele hadi sanamu yake, iliyowekwa pale mwaka 2016, ikaondolewa Desemba 2018. Mimi sioni tatizo na Waghana. Sanamu inayoletwa kama zawadi kutoka serikali moja kwenda nyingine haina haki ya kudumu milele kwenye uwanja wa watu.

Ila msiishie hapo mkaona mmemaliza kusoma. Gandhi huyo huyo tarehe 12 Machi 1930 aliondoka Sabarmati kwa miguu na wenzake 78, akatembea siku 24, zaidi ya kilomita 380, hadi pwani ya Dandi. Tarehe 6 Aprili akainama, akaokota chumvi. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa hatia. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imejimilikisha chumvi na kuitoza kodi, hata chumvi ambayo bahari yenyewe imeiacha mchangani bure. Baadaye zaidi ya watu 60,000 walitiwa ndani mwaka huo. Kwa chumvi!

Hebu msomaji wa mjini kaa kidogo na hiyo chumvi. Wenzake wa chama cha Congress walitaka mambo makubwa makubwa, maazimio, katiba, vikao na wakubwa. Yeye akachagua kitu ambacho kila mama wa kijijini anakitia kwenye sufuria. Alijua kwamba dola inayokutoza chumvi unaielewa mara moja, huhitaji kitabu.

Nikiwa Goziba nilimwona mama ameanika dagaa juu ya mawe. Dagaa wale kabla ya kufika mezani kwako Sinza wamepita leseni ya mvuvi, leseni ya chombo, ushuru wa mwalo, ushuru wa mzigo, na mikono mingine isiyo na stakabadhi. Mwaka 2018 ilipopita Operesheni Sangara, nyavu zilichomwa moto ziwani kote, na faini zikatozwa watu ambao wengine mtaji wao wote ulikuwa ule wavu. Sisemi kokoro liachwe. Kokoro linazoa hata watoto wa samaki na kesho ziwa litabaki maji matupu. Ninasema hivi: mtoto anayefundishwa chumvi ya Dandi kama jibu la mtihani, halafu hafundishwi kuiuliza chumvi ya mwalo wake, hajafundishwa Gandhi. Amefundishwa stempu ya posta.

Na kwa kuwa tuko kwenye wale wakubwa wa India, kwa nini hamumtaji B. R. Ambedkar? Alizaliwa mwaka 1891 kwenye tabaka ambalo wengine waliliita la wasioguswa. Akasoma hadi Columbia na London. Akaongoza kamati iliyoandika rasimu ya Katiba ya India, ile iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950. Aligombana na Gandhi uso kwa uso mwaka 1932 juu ya haki ya watu wake kuchagua wawakilishi wao. Alimwona Gandhi anawahurumia wanyonge badala ya kuwapa madaraka. Mimi nikilazimishwa kuchagua, kwa hoja hiyo nasimama na Ambedkar. Lakini Ambedkar hana sanamu kwenye vyuo vyetu. Anasumbua mno. Anauliza nani amekalia nani, na swali hilo hata wenye mitumbwi minne hawalipendi.

Haya, tuwaache wa India. Rudini ziwani.

Upande wa kusini wa maji hayo hayo yanayoizunguka Goziba, katika mji wa Mwanza, mwaka 1922, alizaliwa mtoto wa familia ya Kiismailia wakamwita Amir Habib Jamal. Alisomea Calcutta wakati vuguvugu la uhuru wa India likichemka, akarudi nyumbani. Nyumbani, yaani hapa. Akakuta nchi yenye ngazi tatu: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Kwa mtu wa ngazi ya kati, njia ya busara ilikuwa wazi: kaa kimya, hesabu fedha, omba Mwingereza asiondoke. Wengi walifanya hivyo, tusidanganyane. Jamal alikwenda kwa TANU, na TANU wakati huo ilikuwa haimpi hata kadi, maana uanachama ulikuwa wa Waafrika tu. Fikiria hilo. Unakipigania chama ambacho hakiwezi kukuandika kwenye daftari lake.

Ukaja uchaguzi wa 1958 na ule mtego wa kura tatu. Kila mpiga kura alitakiwa achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake inaharibika. Wapo wana TANU waliotaka kususia, na hoja yao ilikuwa na uzito. Kikao cha Tabora cha Januari 1958 kikaamua kuingia. Na ili kuingia na kushinda, TANU ilihitaji Wazungu na Waasia wa kuwapigia kura. Nani? Hapo ndipo wanapotokea Jamal, Sophia Mustafa wa Jimbo la Kaskazini, wakili Mahmud Rattansey wa Tabora, wakili Kantilal Jhaveri wa Dar. Mwaka huo huo 1958 Mwalimu aliposhtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika gazeti, aliyeongoza utetezi alikuwa Mwingereza D. N. Pritt, na waliosaidiana naye ni hao hao Rattansey na Jhaveri. Mwalimu alipigwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Mkiimba nyimbo za uhuru msisahau nani alikuwa amebeba mafaili.

Sophia Mustafa nimtaje vizuri kidogo. Mwanamke, Mwislamu, mzaliwa wa India aliyekulia Nairobi, anaingia kwenye siasa za Arusha na Kilimanjaro mwaka 1958. Mwaka 1961 akatoa kitabu juu ya njia ya Tanganyika kuelekea uhuru, ushahidi wa mtu aliyekuwa ndani ya chumba. Ni wangapi kati yenu mnaojiita wanaharakati wa wanawake mmewahi kukishika?

Jamal yeye alipewa mifupa. Waziri wa Fedha kuanzia 1965 hadi 1972, akarudi 1975 hadi 1977, akarudishwa tena 1979 hadi 1983. Kila mahali palipowaka moto anaitwa yeye. Azimio la Arusha la Februari 1967, benki zinataifishwa: nani anashika hazina? Jamal. Aprili 1971, nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zinachukuliwa na serikali, na wengi mno wa wenye nyumba hizo ni watu wa asili ya Kiasia: nani Waziri wa Fedha? Jamal. Piteni Bukoba mjini mtazame yale majengo ya zamani yenye veranda na milango ya mbao. Kila familia iliyopoteza jengo ilikuwa na mtu wa kumnyooshea kidole, naye alikuwa wa jumuiya yao. Huyo ndiye "Mhindi asiye na nchi"?

Sitaki kumfanya malaika. Uchumi wa miaka ile ulitukaba koo. Waliopanga foleni ya sabuni na sukari mwaka 1982 hawana sababu ya kumwimbia waziri yeyote wa fedha, na mimi naamini kutaifisha nyumba hadi za wajane kulikuwa ni ukatili uliovalishwa nguo za usawa. Mtu ana haki ya kumshambulia Jamal kwa sera zake. Namkaribisha. Mshambulie kama unavyomshambulia Mtanzania mwenzako aliyeshika madaraka miaka mingi. Ninachokataa ni kumfuta.

Tena ninyi watu wa Kagera mna sababu ya ziada, na sababu hiyo inaitwa Idi Amin.

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda na kuwapa siku 90. Mwalimu Nyerere alimlaani wazi wazi kwamba huo ni ubaguzi wa rangi. Huku chini wako waliochekelea. Wako waliosema Amin ni mwanaume, amewaonyesha. Nimekutana na wazee wa Kyaka na Mutukula wanaokumbuka kicheko hicho, na wanakikumbuka kwa sababu ya kilichofuata. Huyo Amin alikuwa tayari ameshawachinja wanajeshi Waacholi na Walango mwaka 1971. Halafu Mhindi 1972. Halafu mwishoni mwa 1978 majeshi yake yakavuka mpaka, yakapora na kuua hadi mto Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto ni mali ya Uganda. Ng'ombe wa Mhaya walipakiwa kwenye malori kama vile maduka ya Mhindi yalivyogawanywa Kampala miaka sita nyuma. Mashine ni ile ile, na haikuuliza safari hii abiria ana asili gani.

Vita vikaisha, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, ikaja bili. Makadirio yanayotajwa sana ni zaidi ya dola milioni 500 kwa nchi ambayo haikuwa nazo. Desemba 1979 Waziri wa Fedha Edwin Mtei akajiuzulu baada ya kutofautiana na Mwalimu juu ya masharti ya IMF. Nani akaitwa kubeba bili ya vita vya Kagera? Mzaliwa wa Mwanza. Mhindi.

Na yeye hakuwa peke yake serikalini. Al Noor Kassum, mzaliwa wa Dar es Salaam, alishika wizara za maji, nishati na madini kuanzia 1977 hadi 1990, miaka 13 ya nchi isiyo na mafuta wala fedha za kununulia mafuta. Alifariki mwaka 2021, na magazeti yetu yakampa nafasi ndogo kuliko ya msanii aliyegombana na meneja wake.

Sasa tuvuke kwa majirani, maana kule Kenya damu na jela zilikuwa nyingi zaidi.

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Kenya mwaka 1927, akafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapishaji cha baba yake. Mwaka 1935 akawa kiongozi wa chama cha wafanyakazi ambacho kilifungua milango kwa rangi zote, jambo lililowakera Wazungu na kuwashtua Wahindi matajiri. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Nairobi, alisimama mbele ya umati akatoa azimio la kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki. Si nafasi zaidi kwenye baraza, si mshahara bora. Uhuru kamili, sasa! Mwaka 1950, wakati TANU haijazaliwa! Tarehe 15 Mei wakamkamata. Wakamzungusha Lokitaung, Maralal, Dol Dol, hadi Oktoba 1961. Miaka 11 na ushee. Kenyatta alikamatwa Oktoba 1952 akaachiwa Agosti 1961. Fanya hesabu mwenyewe nani alikaa kizuizini zaidi. Uhuru ulipokuja Makhan Singh hakupewa uwaziri, hakupewa ubalozi, hakupewa shamba. Akafa mwaka 1973 na karatasi zake.

Na Pio Gama Pinto, huyu ananiuma kwa sababu alikuwa wa kazi yangu. Mwandishi wa habari. Alizaliwa Nairobi mwaka 1927 kwa wazazi wenye asili ya Goa. Aliwasaidia Mau Mau, akakamatwa 1954, akafungiwa kisiwa cha Manda kule Lamu, halafu Kabarnet hadi 1959. Alipotoka alianzisha magazeti: Sauti ya KANU, baadaye kampuni ya Pan African Press iliyotoa Sauti ya Mwafrika na Nyanza Times. Nehru alisaidia fedha za kuanzisha kampuni hiyo, na hapa nampa Nehru maksi zake: aliwaambia wazi Wahindi wa Afrika Mashariki kwamba maslahi ya Waafrika ndiyo ya kwanza, na balozi wake Nairobi, Apa Pant, aliwachukiza Waingereza kwa kukaa na Waafrika mezani. Pinto akaingia Bunge la Kenya 1964. Akaanza kuuliza ardhi ya walowezi inakwenda kwa nani. Tarehe 24 Februari 1965, akiwa kwenye gari nje ya nyumba yake Westlands, mtoto wake wa kike yumo ndani ya gari, wakampiga risasi. Umri miaka 37. Siku tatu tu baada ya Malcolm X kuuawa New York. Kijana mmoja alifungwa kwa mauaji hayo na kuachiwa mwaka 2001. Waliomtuma muuaji hawajawahi kusimama mahakamani.

Hakuna aliyemuua Pinto kwa kuwa Mhindi. Waliomuua walikuwa wanajua vizuri sana kwamba ana nchi, na kwamba anaijua mipaka ya mashamba yake.

Najua mtakachosema. Tayari nawasikia. "Hao ni wachache. Wengi wao walikuwa wanyonyaji." Sawa. Sasa niambieni kabila ambalo wapigania uhuru wake walikuwa wengi. Wahaya wangapi walikuwa tayari kwenda jela na Ali Migeyo wa Kamachumu? Wengine walikuwa nyumbani kwao wanauza kahawa na kumwogopa Bwana Shauri, na wengine walikuwa ndio hao hao vibaraka. Mashujaa huwa wachache kila mahali, ndio maana tukawapa neno lao. Hatusemi Wahaya wote ni vibaraka kwa sababu ya wale wengi. Kwa nini basi Mhindi mmoja mwenye mizani mbovu awe ndiye Wahindi wote, na Makhan Singh awe ni yeye peke yake?

Na hilo la unyonyaji tuliongee kwa majina ya vitu, si kwa rangi. Wafanyabiashara wa Kihindi walipunja wakulima wa kahawa Bukoba, ni kweli, na ndiyo moja ya sababu Wahaya walianzisha ushirika wao mwaka 1950. Viwanda vya minofu ya sangara vilipoota Mwanza miaka ya 90, vingi vilikuwa vya watu wenye asili ya Asia. Filamu ya Darwin's Nightmare ya mwaka 2004 iliwaonyesha walimwengu minofu ikipanda ndege na vichwa vya samaki vikibaki kwetu. Rais Kikwete aliishambulia filamu hiyo mwaka 2006, lakini mapanki tulikuwa tunakula kweli. Lakini niulize: pale Goziba, anayemkopesha mvuvi wavu na kumlazimisha auze kwake kwa bei yake ni nani? Anayekata mafuta, chakula, injini na taa kwanza, kisha anawagawia vibarua mabaki, ni nani? Wanamwita "tajiri". Ndilo jina la cheo chake. Anazungumza Kihaya, Kisukuma, Kijita. Ana kofia ya Arsenal. Kila bei inaposhuka anakuwa wa kwanza kusema "Mhindi", na wale vibarua wake wanacheka naye huku amewakalia shingoni. Neno hilo linamfanyia kazi kuliko injini yake.

Hapo ndipo penye ubaya. Tusi hili halimuumizi yule tajiri wa kiwanda, yeye ana ukuta na walinzi. Linamuumiza mtoto wa fundi cherehani wa Kihindi pale Bukoba ambaye amezaliwa hapa, baba yake kazaliwa hapa, na kila akisimama kwenye foleni ya ofisi anaulizwa kwao wapi. Oktoba 1961, kabla hata bendera haijapanda, wabunge wengine walitaka uraia uende kwa rangi. Nyerere aliwaambia serikali yake itajiuzulu kuliko kukubali. Akashinda bungeni. Mitaani hajashinda hadi leo.

Na ninyi ndugu zetu wenye asili ya Kihindi, msikae pembeni mkipiga makofi, nanyi mna yenu. Kwenye kumbi zenu mna picha ya Gandhi na ya Nehru, maua mapya kila wiki. Ya Pinto iko wapi? Ya Makhan Singh? Miaka ya 50 wazee wenu walichangisha fedha za kumbukumbu ya Gandhi zikaingia kwenye chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Safi sana. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa mwaka 1948 pale Jinja, Nile inapotoka ziwani, na mwaka 1997 Waziri Mkuu wa India Inder Kumar Gujral akaja kuzindua sanamu. Safi. Lakini vijana wenu wakiulizwa kwa nini hawagombei hata uenyekiti wa mtaa wanajibu "siasa si yetu". Si yenu kivipi? Watu wa Morogoro, ambao wengi wao hawajawahi kuvaa sari, walimrudisha Jamal bungeni uchaguzi baada ya uchaguzi. Mnawakimbia wapiga kura ambao hawajawafukuza.

Dar es Salaam katikati kuna Mtaa wa Indira Gandhi. Simameni pale saa nane mchana muulize watu kumi Indira alikuwa nani, halafu muwaulize hao hao Amir Jamal alikuwa nani. Nimefanya zoezi hilo. Indira alipata saba. Jamal alipata mmoja, mzee muuza kahawa, ambaye alisema: "Waziri yule mwembamba? Alikuwa anatuambia kila mwaka hakuna fedha." Kisha akanimiminia kikombe cha pili.

Jamal alifariki Vancouver, Machi 1995. Sophia Mustafa naye alimalizia maisha yake Canada, mwaka 2005.